Saa Tatu na Nusu

Mimi ni mkata tiketi wa mabasi ya masafa marefu. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nakaa nyuma ya dirisha lile lile, na nilijifunza mapema kwamba tiketi isiyoandikwa kwa mkono ni ugomvi. Mashine inachapa 09:00. Abiria anasoma tisa, anakwenda zake nyumbani kulala, anarudi saa tisa alasiri na mabegi manne na mgonjwa mmoja, kumbe basi limeondoka tangu saa tatu asubuhi. Hapo anayetukanwa si mashine. Kwa hiyo kila tiketi naizungushia duara kwa kalamu nyekundu, pembeni naandika "saa tatu asubuhi", halafu namwambia na kwa mdomo. Wenzangu hunitania, wananiita Mwalimu wa Saa.

Nayatanguliza haya kwa sababu bila kazi hii nisingelielewa faili la babu yangu. Na kwa kuwa kazi hii ninayo miaka yote hiyo, sina pa kujificha.

Babu, mzaa baba, alipigana vita akiwa kijana wa miaka ishirini. Nyumbani tulijua hilo tu. Hakuwa na medali wala picha ya sare, na ukimuuliza alikuwa anageuza mazungumzo kama mtu anayegeuza shati ndani nje, huoni hata alivyofanya. Baba yangu, kabla hajatangulia, alikuwa akisema mzee alikuwa mpishi wa jeshi na anaona haya. Tukacheka, tukaliamini.

Mwaka wake wa mwisho Babu aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yangu, bintiye pekee. Jumapili moja nilikwenda kumjulia hali, akaniambia nifunge mlango.

"Karani," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu siku nilipopata kazi. "Wewe si unasoma Kiingereza?"

"Nasoma, Babu. Cha kuombea maji."

"Kinatosha. Kuna kesi yangu jeshini, waliiandika. Nataka ukaisome, uje uniambie imesema nini."

Nilidhani umri umeanza kumchanganya. Lakini alikaa wima kitandani, akaongea bila kutafuta maneno, kama mtu aliyeyapanga siku nyingi.

Hakuwa mpishi. Alikuwa signala, askari wa kupokea na kupeleka ujumbe. Alifundishwa bendera, taa, simu ya waya na simu ya upepo. Akiwa handakini, asubuhi moja, ulikuja ujumbe kutoka makao makuu: kombania iliyokuwa juu ya kilima iteremke kabla ya saa sita mchana. Waya wa kwenda kilimani ulikuwa umekatwa na mizinga, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuuandika ujumbe kwenye fomu na kumkabidhi afisa wa zamu, naye afisa atume mtu kwa miguu.

"Nikaupokea, nikaupeleka," akasema Babu. "Kilichotokea baada ya hapo mikononi mwa afisa sikijui. Kilimani hakufika mtu. Saa sita ikapiga, watu kumi na tisa wakafa kule juu. Jioni bomu likamchukua na afisa mwenyewe. Wiki ya pili wakanisimamisha mbele ya meza, maofisa watatu na mkalimani. Wakaniuliza, nikajibu yote. Kesho yake wakasema nimekiri kwa mdomo wangu kwamba nililala na ujumbe mfukoni."

"Ulikiri, Babu?"

"Ndiyo hilo nataka ukaangalie. Zamani nilikuwa na hakika. Siku hizi nikifumba macho najiona nimelala kweli, na karatasi ninayo hapa kifuani. Sijui kama nakumbuka, au ni yale waliyoniambia yamenikaa."

Tuliandika barua ya idhini pale pale, kwamba mimi mjukuu wake niruhusiwe kuliona faili. Akaisaini mwenyewe. Herufi zilisimama moja moja, hazigusani.

Ofisi ya nyaraka iko nyuma ya posta kuu. Kutoka dirishani kwangu ni dakika kumi na moja kwa miguu.

Sikwenda. Ningependa kusema nilikuwa na sababu. Nilikuwa na kazi, watoto, foleni za mwisho wa mwezi, lakini kila mtu anavyo hivyo. Ukweli ni kwamba niliona ni habari ya mzee, na mzee hakimbii. Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ikawa miezi. Mara ya pili aliponiuliza nikasema ofisi ilikuwa imefungwa. Mara ya tatu nikasema nimeacha maombi. Mara ya nne alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuivumilia, basi nikamaliza mambo.

"Nilikwenda, Babu. Wamesema faili limepotea."

Hakubisha. Alipitisha kiganja juu ya shuka kama anayelinyoosha.

"Limepotea," akasema. "Haya. Ahsante kwa kunihangaikia, Karani."

Hakuniuliza tena. Baada ya miezi miwili tulimzika.

*

Lazima nimtaje pia Shangazi, maana yeye ndiye aliyelipia zaidi yetu sote.

Shangazi ni dobi. Ana chumba chake cha kazi mbele ya nyumba: meza ndefu iliyofunikwa blanketi, pasi mbili, kamba juu zenye mashati ya watu yenye vikaratasi vya majina. Ni mwanamke wa maneno machache, na akikukata kauli unabaki umekatwa. Lakini alipokuwa na miaka kumi na tisa alifanya mtihani wa kuwa opereta wa simu kwenye posta ile ile kuu, wale wasichana waliokuwa wakivaa visikizio na kuunganisha waya za watu. Walifanya mtihani wasichana arobaini, wakachukuliwa watatu, naye akiwa wa kwanza. Barua ya kazi ikaja. Babu akaisoma, akavaa koti lake, akaenda mwenyewe posta kuwaambia bintiye hatakuja.

"Sitaki mwanangu aguse ujumbe wa mtu." Hayo tu ndiyo aliyosema. Shangazi alilia, bibi akamsihi, jirani akaitwa kusuluhisha, mzee hakuongeza neno. Shangazi akaanza kufua nguo za watu mwaka ule, na hajaacha.

Hakumsamehe. Babu alipougua, yeye ndiye aliyemchukua, kwa kuwa hakuwa na ndugu mwingine aliyebaki, na akamtunza vizuri kuliko tulivyostahili kutunzwa wengi wetu. Alimwogesha, akambadilisha, akamlisha kwa kijiko, kwa miezi minane. Lakini hakuwa anamsemesha. Niliwahi kuwakuta, yeye anakamua kitambaa, mzee ametazama dari, na chumba kizima kimya kama ofisi siku ya sikukuu.

*

Miaka kumi na moja ikapita. Mwaka huu kampuni ilifunga ofisi wiki mbili kubadilisha paa, wote tukalazimishwa likizo. Siku ya tatu, nikiwa sina la kufanya, nikatoa mikoba ya zamani nigawe. Katika mfuko wa ndani wa mkoba mweusi nilikuta barua ya idhini, imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Zile herufi zake, moja moja.

Nilikaa chini pale pale kwenye zulia. Kesho yake asubuhi nikaenda.

Mtunza nyaraka ni bwana mfupi, kipara, sauti ya chini kabisa kama anayeogopa kuwaamsha walio kwenye makaratasi. Aliisoma barua, akanitazama.

"Ina miaka kumi na moja hii."

"Najua."

"Mwenyewe yupo?"

"Hayupo."

Akaninyang'anya kalamu yangu ya wino, akanipa ya risasi, akaniambia nikae meza ya dirishani. Sikungoja hata robo saa. Alirudi na jalada la kahawia lililofungwa kwa uzi, na juu yake kuna karatasi ya kuandika nani ameliomba na lini. Ilikuwa tupu.

"Wewe wa kwanza," akasema. "Tangu tulipolipokea kutoka jeshini."

"Halikuwahi kupotea?"

"Lingepotelea wapi? Lipo rafu ile ile."

Nilifungua. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kuandikishwa: urefu, uzito, kovu kidevuni. Ya pili alama za mafunzo. Mkufunzi wake alikuwa ameandika chini: "Mkono mwepesi. Hakosei." Nililisoma neno hilo la mwisho zaidi ya mara moja. Halafu nikafika kwenye baraza la uchunguzi.

Nakala ya fomu ya ujumbe ilikuwepo, kwa mwandiko wake. Imepokelewa 09:15. Kisha yakafuata maswali, yamepigwa chapa kwa Kiingereza, na mimi nayaandika hapa kwa lugha yetu.

Swali: Ulimkabidhi afisa wa zamu ujumbe saa ngapi? Jibu, kupitia mkalimani: 15:30.

Swali: Ulikuwa wapi kati ya 09:15 na 15:30? Jibu: Nilikuwa nimelala.

Swali: Una hakika? Jibu: Ndiyo, bwana. Nilikuwa nimelala.

Basi ni kweli, nilijisemea. Alilala, na watu wakafa, na pengine ni heri sikumletea habari. Nitakiri jambo: kwa dakika moja nilijisikia nafuu.

Nilikuwa nanakili kwenye daftari langu. Nilipoandika 15:30, mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya miaka ishirini na mbili. Ukazungusha duara, ukaandika pembeni: "saa tisa na nusu alasiri."

Nikaangalia nilichoandika. Hakuna askari wa kwetu ambaye angetamka kumi na tano na nusu. Mtu akitaka kumwambia mwenzake 15:30, anasema saa tisa na nusu. Mkalimani angesikia tisa, si tatu. Na kama mkalimani hakujua kugeuza saa, akatamka tatu na nusu ya Kiingereza, alisikia nini kutoka kwa babu yangu?

Alisikia "saa tatu na nusu".

Saa tatu na nusu asubuhi. Robo saa tu baada ya kuupokea ujumbe. Mkalimani aliichukua tatu akaibandika vile vile ilivyo, maofisa wakaiandika 15:30, mchana ukaliwa saa sita nzima, kama abiria wangu wa mabegi manne, ila yeye kinyume.

Nikaenda kwenye swali la pili, na hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Maofisa walitaja 09:15 na 15:30. Mkalimani yule yule, kwa mtindo ule ule, aliigeuzaje? "Kati ya saa tisa na robo na saa tatu na nusu ulikuwa wapi?" Babu alisikia anaulizwa habari za alasiri mpaka usiku. Akajibu ukweli.

Nilimwita mtunza nyaraka. Nikamweleza, naye akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Kisha akapekua jalada mpaka nyuma, akatoa karatasi ndogo iliyofifia. Ratiba ya zamu ya handaki siku ile. Signala, jina la babu yangu: kazini kuanzia 21:00 usiku uliotangulia, hadi 15:00. Mapumziko kuanzia 15:00.

"Alikuwa kazini saa kumi na nane," mtunza nyaraka akasema polepole. "Saa tisa wakamruhusu akalale. Akalala."

"Karatasi hii ilikuwa humu humu?"

"Humu humu. Hakuna aliyezilinganisha."

Uamuzi ulikuwa mistari mitatu. Uzembe. Aondolewe kwenye kazi ya ujumbe, apelekwe kubeba mizigo mpaka mwisho wa vita. Cheti cha kuachishwa kiandikwe: si wa kuaminika. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, majina kumi na tisa, na amri kwamba jamaa zao waarifiwe ujumbe ulicheleweshwa na signala aliyelala.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilifikiri nitalia, sikulia. Niliendelea tu kuhesabu zile dakika kumi na moja. Kwenda na kurudi ni ishirini na mbili. Ukiongeza kusoma, pengine saa moja. Ningerudi Jumapili iliyofuata nikamwambia: Babu, hukulala. Walikuuliza saa, ukawajibu saa zetu. Angecheka. Nadhani angecheka kwanza.

*

Kumwambia Shangazi kulinichukua siku mbili za kujikaza kisabuni. Nilimkuta anapiga pasi shati jeupe. Nikasimama upande wa pili wa meza, nikamweleza yote: signala, kilima, baraza, zile saa. Aliendelea kupiga pasi. Nilipomaliza akaiweka pasi wima.

"Kwa hiyo aliogopa," akasema. "Ile barua yangu ya posta. Aliogopa nisije nikaulizwa na mimi."

"Nadhani ndiyo, Shangazi."

"Kwa kosa ambalo hakulifanya."

"Ndiyo."

Alishika ukingo wa blanketi. "Miezi minane nilimwogesha. Sikumwambia hata 'geuka, baba'. Nilikuwa namsukuma bega, naye anageuka." Akaliachia blanketi. "Na wewe umeijuaje leo hadithi hii?"

Ningeweza kuishia hapo. Ningesema nimeokota barua ya zamani, ambayo ni kweli. Lakini nilikwisha chosha ulimi wangu kwa uongo wa aina hiyo. Nikamweleza ya Jumapili ile, na idhini, na nilivyomwambia faili limepotea.

Shangazi hakupandisha sauti. "Wakati huo alikuwa hai."

"Idhini aliisaini miezi mitano kabla hajafa."

"Ungeenda, angejua. Angejua, angeniambia. Tungekuwa na miezi mitano." Akaichukua pasi. "Nenda, mwanangu. Sitaki kukuona kwa sasa."

Nikaenda. Sikupiga simu, maana nilijua hatapokea.

Ilikuwa wiki ya tano, tumekwisha rudi chini ya paa jipya, nilipoinua macho kutoka kwenye tiketi nikamwona kwenye foleni, nyuma ya watu sita, kavaa gauni la kutokea. Hakutaka kupitishwa mbele. Alingoja zamu yake. Alipofika dirishani akasema, "Unatoka saa ngapi? Nipeleke nikaone mwandiko wake."

Tulitembea mpaka nyuma ya posta. Mtunza nyaraka akampa kiti, akamfungulia fomu ya ujumbe. Shangazi hajui Kiingereza. Alipitisha kidole juu ya karatasi bila kuigusa, mstari kwa mstari, mpaka chini. Kisha akataka kujua ile karatasi ya majina ni ya nini. Nikamweleza.

"Waliambiwa wote hao kwamba mtu alilala?"

"Wote."

"Basi baba yangu amelaaniwa na nyumba kumi na tisa." Akamgeukia mtunza nyaraka. "Kaka, hii haifutwi?"

"Haifutwi, mama. Kilichomo kinabaki kilivyo. Lakini mtu wa familia anaweza kuandika maelezo, tukayaweka humo humo. Atakayelifungua atayasoma."

Nikapewa karatasi. Shangazi akasema, mimi nikaandika. Alisema taratibu, bila kurudi nyuma: kwamba baba yake aliulizwa saa kwa lugha moja akajibu kwa nyingine, kwamba saa tatu na nusu yake ilikuwa ya asubuhi, kwamba ratiba ya zamu iko ndani ya faili hili hili, na alilala aliporuhusiwa kulala. Nikasoma. Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa ongeza," akasema. "Kwamba alipokuwa hai alimtuma mjukuu wake aje asome. Mjukuu hakuja, akamwambia faili limepotea. Faili lilikuwepo."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Nikaandika. Nikasaini chini, na yeye akasaini.

Mtunza nyaraka aliisoma mpaka mwisho, akanigeukia. "Una hakika na sentensi hii ya mwisho? Inabaki daima."

Shangazi akanijibia. "Ibaki."

Akagonga mhuri wa tarehe, akaifunga ndani kwa uzi.

Tumeanza kutafuta jamaa za wale kumi na tisa. Ni kazi ngumu, majina yameandikwa ovyo na vijiji vingine havipo. Mpaka leo tumezipata familia mbili. Ya kwanza walitusikiliza vizuri, wakatushukuru, wakatutolea chai, ingawa nadhani hawakumjua hata huyo marehemu wao. Ya pili ni mzee mmoja, fundi viatu, aliyezaliwa baba yake akiwa vitani. Alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho, kiatu cha mtu kiko mapajani.

"Mama yangu alimlaani signala huyo mpaka siku anakufa," akasema. "Ndiyo ilikuwa dua yake ya kila jioni. Sasa mnaniletea mimi. Laana hiyo niipeleke wapi?"

Shangazi alisema hajui. Tukakaa naye kidogo, kisha akatuomba radhi, ana viatu vya watu vya kumaliza.